Kupima uchovu sugu wa kazi kwa watumishi wa hospitali: dodoso gani, na matokeo yasomwe vipi?

Zamu_Tatu aliuliza:

Habari za majukumu wakuu. Naomba mwongozo kutoka kwa wenye uzoefu wa utafiti wa afya kazini.

Ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanzania Bara. Watumishi wanaohudumia wagonjwa ni kama 310. Wauguzi ndio wengi, kisha wahudumu wa afya, madaktari, maafisa tabibu, watu wa maabara na wafamasia. Uongozi unataka kujua uchovu sugu wa kazi umefikia wapi, hasa wodi ya wazazi na mapokezi ya dharura, ili matokeo yasaidie kupanga zamu na kuombea watumishi wa mkataba.

Pendekezo lililopo mezani ni kuchukua Maslach Burnout Inventory (MBI) yenye maswali 22, tuitafsiri wenyewe ndani ya wiki, tuigawe kwenye kikao cha asubuhi, watu wajaze hapohapo, kisha tuandike kwamba asilimia kadhaa ya watumishi "wana uchovu sugu". Nina mashaka na karibu kila hatua hapo, lakini nahitaji hoja za kitaalamu za kupeleka kwenye kamati.

Je, ni lazima iwe MBI? Alama ya mpaka ni ipi, maana ripoti moja inatumia 27, nyingine inataka mtu awe juu kwenye vipengele viwili, nyingine vitatu? Tafsiri ya wiki moja inatosha? Na sampuli iwe watu wangapi? Wakubwa wanataka namba moja ya kuweka kwenye taarifa, kwa hiyo mtakachonishauri kiishie kwenye kitu kinachoandikika.

---

mizani_ya_takwimu alijibu:

Naanza na swali lako la pili, mkuu, kwa sababu hapo ndipo ripoti nyingi zinapoharibikia.

Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti 182 za uchovu sugu kwa madaktari, kutoka nchi 45, zenye washiriki 109,628. Kiwango kilichoripotiwa kilianzia asilimia 0 hadi asilimia 80.5. Waandishi walikuta fasili zisizopungua 142 za nani ahesabiwe kuwa na uchovu sugu au sehemu yake, ingawa sehemu kubwa ya tafiti hizo zilitumia aina moja au nyingine ya MBI ileile. Peleka hilo kwenye kamati kabla ya jambo lingine lolote. Asilimia utakayopata itategemea mstari mliouchora kabla ya kutegemea hali ya wauguzi wenu.

Sasa hiyo 27 imetoka wapi? MBI ya watoa huduma, iliyotungwa na Christina Maslach na Susan Jackson mwaka 1981, ina sehemu tatu. Maswali 9 ni ya kuishiwa nguvu kihisia, 5 ya ubaridi kwa wagonjwa, na 8 ya kujiona una mchango kazini. Kila swali lina alama 0 hadi 6, kuanzia "kamwe" hadi "kila siku". Mipaka ya zamani kwa watu wa tiba ilikuwa 27 na zaidi kwa sehemu ya kwanza, 10 na zaidi kwa ya pili, na 33 au pungufu kwa ya tatu. Ilipatikana kwa kugawa waliojaza wakati ule katika theluthi tatu na kuiita ya juu "kubwa". Hakuna aliyewapima watu hao kwa njia nyingine akathibitisha kuwa mwenye 27 ana shida na mwenye 26 hana. Toleo la nne la mwongozo, la 2016, liliiondoa mipaka hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Igawanye uone inavyosema. Alama 27 kwa maswali 9 ni wastani wa 3, na 3 kwenye kipimo kile maana yake ni "mara chache kwa mwezi". Alama 10 kwa maswali 5 ni wastani wa 2, yaani "mara moja kwa mwezi au pungufu". Mtu anayejisikia kuishiwa nguvu mara chache kwa mwezi katika wodi yenye wazazi wawili kitanda kimoja anaingia kundi la "uchovu mkubwa". Inawezekana anahitaji msaada, sikatai. Ila huwezi kuandika kwamba amegundulika na tatizo.

Halafu sehemu ya tatu inakwenda kinyume: alama ndogo ndiyo mbaya. Anayejumlisha sehemu zote kupata jumla moja ya MBI anachanganya vitu visivyojumlishika, na mwongozo haujawahi kuruhusu jumla hiyo.

Neno "kugundulika" nalo liondoeni kabisa. Kwenye ICD-11, orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, Shirika la Afya Duniani limeweka hali hii kwa namba QD85 kama jambo linalohusiana na kazi, wala halijaiita ugonjwa. Fasili yake inasema ni matokeo ya msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa vizuri. Kwa hiyo andikeni "watumishi wenye alama za juu", kamwe si "wagonjwa wa uchovu sugu". Tofauti hiyo ina uzito kwa mtumishi ambaye faili lake liko kwa afisa utumishi.

Kuhusu kipimo chenyewe: MBI ina haki miliki. Wachapishaji wake, Mind Garden, wanaiuza kwa idadi ya watakaojaza, na hata kuitafsiri kunahitaji ruhusa. Kunakili maswali kutoka kiambatisho cha tasnifu ya mtu ni kosa, hata kama kila mtu anafanya.

Kwa hali yenu ningechagua Copenhagen Burnout Inventory (CBI), iliyotoka Denmark mwaka 2005. Haina malipo. Ina maswali 19: 6 ya uchovu binafsi, 7 ya uchovu unaotokana na kazi, 6 ya uchovu unaotokana na wale unaowahudumia. Kila sehemu inasimama peke yake na ina wastani wake wa 0 hadi 100. Hapo ndipo inapowafaa ninyi, kwa sababu mtu wa maabara ambaye hakutani na mgonjwa anajaza sehemu mbili za mwanzo, ya tatu anairuka, na hakuna kinachoharibika. Kwenye MBI huyohuyo ataulizwa maswali ya ubaridi kwa wagonjwa na atajibu "kamwe" kwa sababu wagonjwa hawaoni. Wastani wa hospitali utaonekana mzuri kuliko ulivyo.

Udhaifu wa CBI ni kwamba inapima uchovu na haipimi ubaridi. Kama uongozi unalalamikia lugha chafu kwa wajawazito na unataka kujua kama inatokana na uchovu, CBI haitawajibu moja kwa moja. Hapo angalieni Burnout Assessment Tool (BAT), maswali 23, ambayo ina kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi, kushindwa kudhibiti hisia, na kupungua kwa umakini. Hilo la umakini lina maana sana kwa wanaochanganya dozi saa tisa usiku. Kwa matumizi yasiyo ya biashara ni bure.

Oldenburg Burnout Inventory nayo ni bure na ina maswali 16, ila nusu ya maswali ni ya upande chanya na nusu ya upande hasi. Kwenye tafsiri changa mara nyingi maswali chanya yanajikusanya kivyake na hasi kivyake, na unaishia kupima namna watu wanavyosoma sentensi. Kwa kuanzia nisingeigusa.

---

MwanaLugha_Pwani alijibu:

Salaam nyote. Nachangia upande wa tafsiri kutoka Kenya, mambo yanafanana.

Wiki moja haitoshi. Utaratibu unaokubalika ni huu: watafsiri wawili wanafanya kazi bila kuonana, mmoja anayeijua fani ya afya na mwingine asiyeijua kabisa. Huyu wa pili ndiye atakayeandika Kiswahili anachoelewa mhudumu wa wodi. Tafsiri zote mbili zinakaliwa pamoja na kufanywa moja. Kisha wengine wawili ambao hawajaona asili wanairudisha kwenye Kiingereza. Kamati inalinganisha, inasahihisha, ndipo mnajaribu kwa watu 30 hadi 40 wa kada zote. Wiki sita mkikimbia.

Jaribio hilo halina maana ya kuwapa watu wajaze tu. Kaa na mtu mmoja mmoja, mwache ajibu, kisha muulize, "Ulipojibu hili ulikuwa unafikiria nini?" Utashangaa. Swali la kuchoka bila kufafanua linajibiwa na mmoja kwa maana ya miguu kuuma baada ya zamu, na mwingine kwa maana ya kwamba kazi imemkinai. CBI ina maswali tofauti ya uchovu wa mwili na wa hisia, kwa hiyo Kiswahili chenu lazima kiyatenganishe wazi: "kuchoka mwili" na "kuishiwa nguvu moyoni", au maneno mengine mtakayoona yanaeleweka wodini kwenu. Mkiyaacha karibu sana, majibu yatafanana mno na mtadhani kipimo ni imara kumbe mmeuliza swali moja mara mbili.

Majibu ya kuchagua ndiyo yanayosahaulika zaidi. "Mara nyingi" na "mara kwa mara" kwa watu wengi hayana mpangilio. Njia rahisi ya kuhakikisha: andika kila jibu kwenye kikadi, changanya vikadi vitano, mpe mtu avipange mezani kutoka kidogo hadi kingi. Akivipanga tofauti na ulivyokusudia, na wa pili naye hivyo, badilisha maneno. Seti ya "sikuzote, mara nyingi, wakati mwingine, mara chache, kamwe au karibu na kamwe" huwa inapangika vizuri. Na kumbukeni CBI ina aina mbili za majibu: maswali 12 yanauliza mara ngapi, 7 yanauliza kwa kiasi gani. Zikae kwenye kurasa zenye vichwa tofauti, vinginevyo mtu anaendelea kuweka tiki kwa mazoea.

Epukeni sentensi ya kukanusha. Mtu akisoma "sina nguvu za kwenda kazini" na jibu ni "kamwe", nusu ya watu watapotea katikati. Uliza upande mmoja tu: "Je, asubuhi unajisikia kuchoka ukifikiria siku nyingine ya kazi?"

Sehemu ya tatu asili yake inazungumzia mteja, na waliotunga wanaruhusu neno libadilishwe kufuata kazi. Wodini andikeni "wagonjwa". Lakini kliniki ya mama na mtoto na wodi ya wazazi wanaohudumiwa si wagonjwa, na muuguzi mkunga ataliona hilo mara moja. "Wagonjwa au wateja unaowahudumia" inabeba wote.

Mtaambiwa madaktari wapewe Kiingereza kwa kuwa wamesomea Kiingereza. Ningeshauri wote wajaze Kiswahili. Ikibidi lugha mbili, kila karatasi irekodi lugha iliyotumika na mlinganishe kabla ya kuchanganya, maana tofauti kati ya madaktari na wahudumu inaweza kuwa ya lugha tupu.

---

Kitengo_Utafiti alijibu:

Niongeze kwenye ukusanyaji, kwa sababu dodoso bora kabisa linaweza kufa hapo.

Kikao cha asubuhi, hapana. Metroni yumo, mganga mfawidhi yumo, jirani anaona tiki yako. Watu wataweka "wakati mwingine" kila mahali. Pia kikao cha asubuhi kinakusanya wanaotoka usiku wakiwa wamechoka na wanaoingia wakiwa wabichi, na waliopo likizo na mapumziko hawamo. Kusanyeni kwa wiki mbili hadi tatu, zamu zote, na aliyekuwa likizo apate nafasi akirudi. Mtu asijaze saa ya mwisho ya zamu ya usiku.

Karatasi: bahasha yenye gundi, sanduku lililofungwa kufuli sehemu isiyo ofisi ya mtu, ufunguo kwa asiye msimamizi wa yeyote. Simu: KoboToolbox inafaa na inafanya kazi bila mtandao, lakini kagueni mipangilio ya taarifa za ziada. Fomu inaweza kuchukua namba ya kifaa na jina la mtumiaji bila mjazaji kujua. Zimeni zote. Google Forms nayo ina kitufe cha kukusanya anwani za barua pepe, nacho kizimwe. Kuwaambia watu "haina jina" huku mfumo unahifadhi kifaa ni kuwavunjia imani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Jina si kitu pekee kinachomtaja mtu. Kada, wodi, jinsia, umri kamili na miaka kazini ukiviweka pamoja, daktari wa kike wa usingizi mwenye miaka 41 anajulikana kabla hujafungua safu ya pili. Umri uwe wa makundi mapana, wodi ndogo ziunganishwe, na jedwali lolote lenye watu chini ya 10 lisichapishwe. Amueni hilo kabla ya kukusanya na liandikwe kwenye karatasi ya ridhaa, ili mkuu wa idara akija kuomba "tu za kwangu" mwe na pa kusimamia.

Kibali cha maadili kipatikane NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) au kwenye bodi ya chuo mnachoshirikiana nacho, pamoja na barua ya uongozi wa hospitali. Walioko Kenya wanahitaji kamati ya maadili iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Jambo la mwisho upande wangu: rekodini ni wangapi wa kila kada walipewa dodoso na wangapi walirudisha. Aliyechoka kupita kiasi anaweza kuwa ndiye asiyejaza, au yuko likizo ya ugonjwa, au ameshaacha kazi. Mkipata alama za wastani wodini ambako watumishi wengi wamehama mwaka huu, msishangilie. Waliobaki ndio waliohimili.

---

Zamu_Tatu aliandika:

Shukrani sana wakuu, hii imefungua macho. Kamati itaikubali CBI, bei peke yake inatosha kuwashawishi.

Mawili yamebaki. Mtu wa takwimu hapa anasema sampuli ni 384, nasi tuko 310 tu. Na kuna pendekezo la kuongeza PHQ-9 ya Kiswahili ili tupime na sonona humohumo. Halafu naomba mfano wa kuhesabu alama, hasa lile swali la kinyume.

---

mizani_ya_takwimu alijibu:

384 ni jibu la watu wasio na idadi, kwa kosa la asilimia 5. Ukiwa na 310 unarekebisha: 384 gawanya kwa (1 + 383/310), unapata 172. Ukiongeza nafasi ya asilimia 15 wasiorudisha, gawa kwa 0.85, ni 203. Lakini kwa watu 310 msichague sampuli, wapeni wote. Gharama ya karatasi 107 zaidi ni ndogo, na mnaondoa manung'uniko ya "kwa nini mimi, kwa nini si yeye". Hesabu ya sampuli ina kazi zaidi mkienda hospitali nyingi. Hapo watu wa wodi moja wanafanana majibu kwa kuwa wanaishi zamu moja, kwa hiyo idadi inaongezwa. Kwa makundi ya watu 15 yenye mfanano wa 0.05, zidisha kwa 1 + 14 × 0.05, yaani 1.7.

Kuhesabu CBI: jibu zito kabisa ni 100, kisha 75, 50, 25, na 0. Muuguzi akijibu maswali sita ya uchovu binafsi 75, 50, 75, 100, 50, 75, jumla ni 425, wastani ni 70.8. Hiyo ndiyo alama yake. Akiacha maswali kadhaa, chukua wastani wa aliyojibu, lakini akijibu pungufu ya matatu katika sehemu (pungufu ya manne kwa ile ya kazi yenye maswali saba), sehemu hiyo haihesabiwi.

Swali la kinyume ni moja tu, lile la mwisho la sehemu ya kazi, linalouliza kama una nguvu za kutosha kwa familia na marafiki wakati wa mapumziko. Hapo "sikuzote" ni 0 na "kamwe" ni 100. Tuseme mtu amejibu 75 kwa maswali sita na kwenye hili ameweka "mara chache". Ukigeuza sawasawa linakuwa 75 na wastani ni 75. Ukisahau linakuwa 25 na wastani unashuka hadi 67.9. Kosa hilo halionekani kwa macho kwenye jedwali la watu 250. Linaonekana ukiangalia uhusiano wa kila swali na jumla ya mengine: swali lenye alama hasi mara nyingi halijageuzwa. Kama mmeligeuza na bado ni hasi, rudini kwenye tafsiri, na mtazame wale walioweka jibu moja tangu swali la kwanza hadi la 19.

Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha maswali ya sehemu moja yanavyokwenda pamoja, iwe 0.70 au zaidi kwa kila sehemu, zikihesabiwa kila moja peke yake. Msihesabu alfa moja ya maswali yote 19, hiyo hupanda kwa wingi wa maswali tu. Kuonyesha: maswali 5 yenye uhusiano wa wastani wa 0.3 yanatoa alfa ya karibu 0.68, na maswali 9 yenye uhusiano uleule wa 0.3 yanatoa 0.79. Ubora wa maswali ni mmoja, namba mbili. Ndiyo maana ile sehemu ya MBI yenye maswali 5 inalalamikiwa kila mahali. Kinyume chake, alfa ikifika 0.95 kwa maswali sita, shuku kwamba maswali yanajirudia, kama alivyosema ndugu wa Pwani.

Alfa pia haithibitishi kwamba kipimo kinapima mnachodhani. Mkipata zaidi ya 200 waliojaza, jaribuni uchambuzi wa vipengele kuona kama sehemu tatu zinatengana kweli. Tegemeeni sehemu ya binafsi na ya kazi kukaribiana sana. Kwa uthabiti wa muda, watu 40 au 50 wajaze tena baada ya wiki mbili. Mwezi ukipita, zamu zinakuwa zimebadilika na hali yenyewe imebadilika.

Sasa hiyo namba moja ya wakubwa. Wapeni wastani wa kila sehemu pamoja na mchepuko sanifu wake, kisha asilimia ya wenye 50 na zaidi, ambao ndio mpaka unaotumiwa na wengi kwenye CBI. Sentensi ya pembeni iseme wazi kwamba 50 ni mpaka wa kulinganishia tu. Kwa wodi wekeni na wigo: wauguzi 31 kati ya 62 ni asilimia 50, lakini wigo wake wa uhakika wa asilimia 95 ni kama 38 hadi 62. Wodi yenye 50 na wodi yenye 58 zenye watu kama hao hazijatofautiana kwa lolote mnaloweza kulitetea, na itakuwa dhuluma kumwita mkuu wa wodi ajieleze kwa sababu hiyo.

Na dodoso la uchovu bila maswali ya mzigo wa kazi haliwasaidii kupanga zamu. Ongezeni ukurasa mmoja: zamu za usiku mwezi uliopita, idadi ya wagonjwa kwa muuguzi zamu iliyopita, saa za ziada, siku za mapumziko zilizofutwa. Hizo ndizo zitakazotetea ombi la watumishi wa mkataba.

---

DaktariWaKazi alijibu:

Kuhusu PHQ-9, fikirini mara mbili.

Sonona na uchovu sugu vinapishana sana, kwa hiyo kuvipima pamoja kuna faida: mwenye alama za juu kwenye vyote viwili hatasaidiwa na kubadilishiwa zamu peke yake. PHQ-9 ya Kiswahili imefanyiwa tathmini Kenya na Tanzania, mkiitumia chukueni toleo lililopimwa, msitafsiri upya.

Tatizo ni swali la 9, linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Mkikusanya bila majina kisha mkakuta watumishi wanne wameweka "karibu kila siku", mtafanya nini? Hamwezi kuwafikia. Mkikusanya kwa majina muweze kuwafikia, mmeua ukweli wa dodoso zima. Kuuliza swali hilo bila njia ya kumsaidia anayejibu ndiyo ni kumtelekeza, na kamati ya maadili inapaswa kuwakatalia.

Njia mbili zinakubalika. Ya kwanza ni PHQ-8, ambayo imeondoa swali hilo na alama zake zinaendana vizuri na PHQ-9. Ya pili ni kubaki na PHQ-9, lakini kila mjazaji, bila kujali majibu yake, aondoke na karatasi ya kuchana yenye jina la mshauri aliye nje ya safu ya uongozi wa hospitali, siku na saa anazopatikana, na maelezo kwamba hakuna taarifa inayorudi utumishi. Mshauri huyo awe amekubali na yupo kweli kabla ya dodoso la kwanza kutoka. Kwa mara ya kwanza mimi ningechukua PHQ-8 na karatasi ile bado nikaitoa.

---

Zamu_Tatu aliandika:

PHQ-8 na karatasi ya kuchana, nimeafiki. Swali dogo: tukirudia baada ya miezi sita kuona kama mpangilio mpya wa zamu umesaidia, tutawaunganishaje watu bila majina? Na kushuka kwa alama ngapi ni kushuka kweli?

---

Kitengo_Utafiti alijibu:

Mtu ajitungie msimbo kwa maswali yasiyobadilika na ambayo bosi wake hayajui: herufi mbili za mwanzo za jina la mama, tarehe ya siku aliyozaliwa bila mwezi wala mwaka, herufi ya mwisho ya shule ya msingi aliyoanzia. Msitumie namba ya simu wala namba ya ajira. Baadhi hawatakumbuka walivyoandika, kwa hiyo mpango wenu uvumilie kupoteza jozi kadhaa.

Kiasi cha kushuka: chukua mchepuko sanifu, tuseme 18, na kuaminika kwa kipimo kulikopatikana kwenye lile jaribio la wiki mbili, tuseme 0.85. Kosa la kipimo ni 18 mara kipeuo cha pili cha 0.15, kama 7. Kwa mtu mmoja, mabadiliko chini ya alama 19 hivi (7 mara 1.96 mara kipeuo cha pili cha 2) yanaweza kuwa mtikisiko wa kipimo tu, kwa hiyo dodoso hili lisitumike kumfuatilia mtumishi binafsi. Kwa kundi la watu 50 waliojaza mara zote mbili, unagawa hiyo 19 kwa kipeuo cha pili cha 50, na kushuka kwa alama 3 kunaanza kuwa na maana.

Rudieni kipindi kilekile cha mzigo wa kazi. Mkipima mara ya kwanza katikati ya msimu wa malaria na mara ya pili msimu umeisha, mpangilio wa zamu utasifiwa kwa kazi ya hali ya hewa. Kama kuna wodi ambazo zamu zake hazitabadilishwa, zipimeni nazo mara zote mbili ili mpate cha kulinganisha. Na kati ya mara ya kwanza na ya pili msibadilishe neno lolote kwenye maswali, hata lile ambalo kila mtu atakuwa ameshaona lingeweza kuandikwa vizuri zaidi. Liandikeni pembeni, mlirekebishe mkianza mzunguko mwingine.